Kumkataa mteja aliyelewa ni kazi ya kufundishwa

Tangu tarehe 17 Oktoba 2018, siku Kanada ilipohalalisha bangi kwa watu wazima, nchi hiyo imepata aina mpya ya muuza duka. Katika jimbo la Ontario, ambako maduka ya watu binafsi yalianza kufunguliwa Aprili 2019 na leo yamepita elfu moja, muuzaji huyo anakatazwa na sheria kumuuzia bangi mtu aliyelewa au anayeonekana kuwa amelewa. Katazo lenyewe halizidi mstari mmoja. Dukani, anayetakiwa kulitimiza ni mfanyakazi wa kulipwa kwa saa, pengine kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita, mwenye foleni mbele yake, na mteja anayeyumba ameshatoa pesa mfukoni. Kumwambia mtu huyo kwamba leo hauziwi si jambo linalokuja lenyewe. Ni ujuzi wa kazi, unafundishwa na kufanyiwa mazoezi, na hata ukishafundishwa unafifia iwapo mwenye duka hausimamii na serikali haiji kuangalia. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako bangi ni kosa la jinai, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ana ndugu Toronto, Edmonton na Minneapolis wanaoishi katika miji yenye maduka hayo. Yanamhusu pia kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi nitakaoutaja imetoka kwenye baa, nazo baa tunazo. Sitetei hapa kuhalalishwa kwa bangi popote. Ninachosema ni kwamba nchi ikishaamua kuiuza, ina wajibu wa kumwandaa anayeiuza.

Bangi ina tabia mbili zinazoifanya kazi hii iwe ngumu kuliko ile ya mhudumu wa baa. Ya kwanza ni kuchelewa. Anayevuta hupata athari ndani ya dakika chache, lakini anayekula biskuti au peremende zenye bangi anaweza kungoja kuanzia nusu saa hadi saa mbili kabla ya kuhisi chochote, na kilele kikaja hata baada ya saa nne. Mwaka 2015 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilichapisha taarifa ya kifo kilichotokea Colorado mwaka uliotangulia. Mwanafunzi wa miaka 19 alikula kipande cha biskuti, akangoja kati ya nusu saa na saa moja, hakuona mabadiliko, akamaliza biskuti nzima. Alianza kuzungumza ovyo na kuwa mkali, na muda mfupi baadaye aliruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne akafa. Muuzaji alikuwa ameeleza vizuri kwamba biskuti igawanywe vipande sita, kiliwe kimoja kimoja. Aliyeinunua alikuwa rafiki wa marehemu mwenye umri unaoruhusiwa, kwa hiyo hakuna mafunzo ya kukataa walevi ambayo yangeyazuia mauzo yale. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi bangi ya kula inavyomdanganya mtumiaji kuhusu hali yake mwenyewe. Anayeamini bado hajalewa ndiye anayerudi kuongeza. Tabia ya pili ni kuchanganyika na pombe: mtu akinywa kisha akavuta, kiasi kikubwa zaidi cha THC, kile kilevi cha bangi, huingia kwenye damu yake. Sheria ya Kanada inalijua hilo. Dereva mwenye miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu, pamoja na nanogramu 2.5 za THC kwa mililita moja, anatenda kosa, ingawa kiwango cha pombe cha kumtia hatiani peke yake ni miligramu 80. Mteja anayeingia duka la bangi akitokea baa saa nne usiku ndiye huyo ambaye sheria ya barabarani imeshamtambua. Anayebaki kumtambua ni muuzaji.

Serikali za majimbo hazikulala. Ontario inamlazimisha kila mfanyakazi wa duka la bangi kufaulu kozi iitwayo CannSell kabla ya kuanza kazi, Alberta ina SellSafe, British Columbia ina Selling It Right. Hizi ni kozi za kusomwa kwenye kompyuta, mtu anajibu maswali mwishoni na kupata cheti. Sizibezi. Muuzaji anayejua tofauti ya kuvuta na kula, anayejua umri wa chini na kiasi cha juu cha kuuza kwa mara moja, ni bora kuliko asiyejua. Lakini kujua dalili za ulevi ni kitu kimoja, kumtazama mlevi usoni na kumnyima alichokifuata ni kingine, na ushahidi wa pengo hilo ni mwingi. Nchini Marekani, utafiti wa baa na maduka ya pombe uliochapishwa mwaka 2004 ulitumia waigizaji walioonyesha wazi kuwa wamelewa. Karibu mara nane kati ya kumi waliuziwa, na sheria ilikataza. Miaka michache iliyopita jaribio la namna hiyo lilifanywa kwenye maduka ya bangi ya Oregon na Washington, waigizaji wakijifanya wamekunywa pombe. Sehemu kubwa kabisa ya maduka iliwauzia, na yale yaliyokuwa yamepewa mafunzo ya mtandaoni kwa jumla hayakufanya vizuri kuliko mengine. Anayeamini kwamba cheti ukutani kinatosha anapaswa kuukabili ukweli huo.

Kuna wanaosoma matokeo kama hayo na kuhitimisha kwamba mafunzo ni kupoteza wakati. Hapo wanakosea, na Stockholm ndiyo jibu lao. Mwaka 1996, watafiti walipopeleka waigizaji waliojifanya walevi kwenye baa na mikahawa ya jiji hilo, ni asilimia 5 tu ya wahudumu waliokataa kuwahudumia. Jiji likaanza mpango ulioweka pamoja mafunzo ya wahudumu, kamati ya wenye baa, polisi na wakaguzi wa leseni, na usimamizi mkali zaidi. Mwaka 1999 waliokataa walifika asilimia 47, na mwaka 2001 asilimia 70. Katika eneo la mpango huo makosa ya vurugu yalipungua kwa asilimia 29. Kabla ya hapo, katika wilaya ya Washtenaw jimboni Michigan, polisi waliovaa kiraia walianza kutembelea baa na kuwachukulia hatua waliowauzia walevi. Wahudumu waliokataa walipanda kutoka asilimia 17.5 hadi 54.3, na madereva walevi waliokamatwa wakitokea baa wakapungua kutoka asilimia 31.7 hadi 23.3 ya wote waliokamatwa. Msisitizo wa polisi ulipopungua, waliokataa wakashuka hadi asilimia 41. Katika takwimu zote nilizozitaja, kushuka huko ndiko kunakonifundisha zaidi. Wahudumu wa Washtenaw hawakusahau dalili za mlevi. Kilichobadilika ni kwamba gharama ya kuuza ilirudi kuwa ndogo kuliko gharama ya kugombana na mteja. Mafunzo humwezesha muuzaji kukataa, na usimamizi humpa sababu ya kukataa siku ambayo meneja anatazama mauzo ya wiki.

Pingamizi zito zaidi ninalolisikia ni kwamba ulevi wa bangi hauna kipimo cha kaunta. Dereva anaweza kupuliza kipima ulevi, lakini hakuna kifaa kama hicho ambacho muuzaji angemwelekezea mteja wa bangi, na macho mekundu yanaweza kuwa ya mtu aliyekesha, ya mwenye mzio, au ya aliyetoka kulia. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka huyumba na kusema maneno yasiyoshikana. Aliyepata kiharusi huburuta ulimi. Mgeni anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya Kigoma au Bukavu anaweza kueleweka vibaya na mtu aliyekwisha kuamua. Ni pingamizi la kweli, na kwa watu weusi nchini Kanada na Marekani lina uchungu wake, maana hao ndio waliosimamishwa na kupekuliwa kwa sababu ya bangi kwa miongo mingi, mara nyingi zaidi kuliko majirani zao weupe. Ila linaelekea upande wangu. Asiyefundishwa hakosi kuhukumu. Anahukumu kwa alichokulia nacho: rangi, mavazi, harufu ya jaketi. Mafunzo mazuri yanamwambia kwamba harufu ya bangi si ulevi, kwamba dalili moja haitoshi, kwamba azungumze na mteja dakika moja na kutazama kama anafuata mazungumzo, anahesabu pesa, anasimama bila kushika meza. Yanamwambia pia aulize kwa upole kama mtu anaumwa kabla ya kudhani amelewa. Sheria yenyewe haimtaki apime damu. Inamtaka aangalie kilicho wazi, na kuangalia kwa haki ni jambo linalofundishika.

Pingamizi la pili linasema duka la bangi si baa. Mteja hanywi pale, anabeba kifurushi nyumbani, kwa hiyo kumkataa hakupunguzi ulevi alionao, na akinyimwa ataenda kwa muuzaji wa mtaani asiyeuliza chochote. Nusu ya maneno haya nayakubali. Wapo watakaokwenda mtaani, na hakuna sheria itakayowazuia wote. Lakini anayetoka dukani akiwa amelewa mara nyingi ana ufunguo wa gari mkononi, na hakuna anayejua kama kifurushi kitafunguliwa nyumbani au kwenye maegesho. Aliyekula peremende saa moja iliyopita anaongeza juu ya kitu ambacho bado hakijafika kileleni. Na ikiwa duka lenye leseni litamuuzia kila anayekuja kwa hofu ya kumpoteza, basi litakuwa linafanya kazi ya yule wa mtaani na kulipa kodi. Kanada iliwaahidi raia wake kitu tofauti. Sheria yake ya bangi inataja ulinzi wa afya na usalama wa umma kuwa ndilo lengo lake.

Mafunzo ninayoyataka yana mazoezi ya ana kwa ana: mfanyakazi mmoja anacheza mlevi mwenye hasira, mwingine anamkataa, na wenzao wanasema alipokosea. Ajifunze maneno machache ya heshima asiyoyabahatisha, kama kusema kwamba leseni hairuhusu na kwamba mteja anakaribishwa kesho, bila kumwita mlevi mbele ya watu. Ajifunze kumwita mwenzake asimame karibu, kumsaidia mteja kupata teksi, na kuandika tukio kwenye daftari la zamu. Mwenye duka naye atamke mbele ya wafanyakazi wote kwamba hakuna atakayepunguziwa saa za kazi wala kukatwa bonasi kwa mauzo aliyoyakataa kwa nia njema. Bila tamko hilo, mafunzo yanamtwika mfanyakazi wa mshahara mdogo jukumu ambalo bosi wake hataki kulibeba.

Kwa hiyo wito wangu uende kwa wanaotoa leseni Ontario, Alberta, British Columbia na kokote bangi inakouzwa kisheria. Pelekeni dukani watu wa kujifanya wamelewa, bila taarifa, mara kadhaa kwa mwaka. Tangazeni maduka yaliyokataa na yaliyouza. Linalorudia kuuza lisimamishiwe leseni, na adhabu imfikie mwenye leseni kabla ya kumfikia kijana aliye kaunta.