Katuni Ileile, Bei Mara Sita



Mwezi huu nilikuwa nimeandaa habari za kukausha mihogo, lakini itabidi isubiri, maana nimepata barua ya mama mmoja wa Kibondo ambayo sikuweza kuiweka kando. Ana watoto watano. Kifungua mimba wake, mvulana wa kidato cha pili, ameshikwa na mapenzi ya magazeti ya zamani ya katuni, yale ambayo wengi wetu tuliyasoma tukiwa wasichana. Baba yake alimpa kipande cha shamba alime maharage yake mwenyewe. Baada ya kuuza mavuno, kijana alipanda gari kwenda Kasulu kumsalimu shangazi yake, akarudi na magazeti saba. Manne yalikuwa yamechakaa, kila moja alilinunua kwa shilingi 500. Matatu yalikuwa safi, jalada linang'aa, na kwa kila moja alitoa shilingi 3,000.

Baba alipopata habari alicheka, kisha akakasirika. Alisema katuni ni ileile na kichekesho ni kilekile, sasa kwa nini mtu mwenye akili alipe mara sita? Nyumba ikatulia siku chache. Halafu binti yao wa miaka minane alitoka kula maandazi, akafungua mojawapo ya yale matatu safi, na vidole vyake vya mafuta vikaacha alama kwenye jalada. Kaka yake alimzaba kofi.

Mama anauliza mambo mawili. Je, mwanangu alipunjwa? Na je, nimwache aendelee?

Swali la kwanza nitalijibu bila kuzunguka: hakupunjwa. La pili ni gumu zaidi, na nitalifikia.

Mama mwenzangu, wewe na mimi tunaishi kwa kulipwa bei ya usafi. Peleka sokoni debe la maharage ya njano yaliyopepetwa na kuchambuliwa, yasiyo na mawe wala yaliyotobolewa na fukusi. Kando yake weka debe lililochanganyika, lenye makapi na vumbi. Ladha ya punje nzuri ni moja katika madebe yote mawili, lakini mnunuzi haulizi mara mbili. Anapokulipa zaidi kwa debe lililochambuliwa, analipia mgongo wako ulioinama siku nzima juu ya ungo. Mzee wa Kibondo angepeleka maharage yake safi sokoni akaambiwa yana bei moja na ya jirani aliyejaa makapi, nadhani angerudi nyumbani na kilio.

Basi gazeti safi nalo lina jasho la mtu. Fikirini lilivyofika huku. Sani, lililoitwa hivyo kutokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lilichapwa Dar es Salaam. Kingo wa mchoraji James Gayo naye ni wa huko huko, miaka ya 1990. Toka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na baada ya hapo kulikuwa na barabara ya kupanda kwenda Kasulu na kuendelea Kibondo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Gazeti likishafika lilisomwa na mwalimu, likaenda kwa jirani, likapita mabweni yote ya shule, na mwisho wake tunaujua sote: ukurasa mmoja ulifunga karanga, mwingine ulibandikwa ukutani, mwingine uliwashia moto. Ndumilakuwili na Lodi Lofa waliishia jikoni kwa mama zetu. Nami nimefunga maandazi kwa Madenge mara nyingi, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo likipatikana moja ambalo halikufunga karanga, ujue kulikuwa na mtu aliyelikatalia jiko kwa miaka 30 au zaidi. Aliliweka mbali na moshi, panya, mchwa na mvua inayovuja. Shilingi 2,500 za ziada ndizo ujira wa huyo mtu, hata kama yeye mwenyewe hayupo na aliyeuza ni mjukuu.

Huko Marekani jambo hili wamelifikisha mbali mno. Lipo gazeti la katuni liitwalo Action Comics, toleo la kwanza la mwaka 1938, ambalo ndani yake Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Liliuzwa senti 10. Leo wapo watu wanaolipwa kazi ya kukagua magazeti ya namna hiyo na kuyapa alama, kuanzia nusu hadi 10, wakitazama mikunjo, kutu ya pini, weupe wa karatasi na kona zilizolegea. Mwaka 2014 nakala moja ya toleo hilo, yenye alama 9, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameitunza katika sanduku la mwerezi.

Mwaka mmoja kabla yake, 2013, nakala nyingine ya toleo hilohilo ilipatikana Minnesota. Fundi aliyekuwa akikarabati nyumba kuukuu aliikuta imeshindiliwa ukutani pamoja na magazeti mengine ya kuzuia baridi. Jamaa wakaja kuona. Shangazi wa mke wake akainyakua, yeye akaivuta, na jalada la nyuma likachanika. Wajuzi wa biashara hiyo walisema mvutano ule uliondoa kama dola 75,000. Iliuzwa dola 175,000, ikiwa na alama moja na nusu tu. Maneno na picha za ndani ni zilezile za ile ya dola milioni tatu.

Na ipo habari ya karibu zaidi inayotuhusu sisi akina mama. Ndugu watatu wa California walipokuwa wakisafisha nyumba ya mama yao aliyefariki walikuta darini, chini ya magazeti makuukuu, toleo la kwanza la Superman la mwaka 1939. Mama alikuwa amewadokezea zamani kwamba ana magazeti ya namna hiyo, lakini hakuwaonyesha. Novemba 2025 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 9.12. Nilipoisoma habari hiyo nilikwenda kutazama dari yangu. Niliona popo.

Sasa tafadhali mama, usiende kumwambia baba kwamba kijana amekalia mamilioni. Bei ya Sani kuukuu pale Kasulu inapangwa na watu wawili waliosimama juani, mmoja anataka kuuza na mwingine anatamani kununua. Kesho mnunuzi anaweza asiwepo. Shilingi 9,000 alizotoa kwa yale matatu azihesabu kama fedha zilizokwisha kutumika, wala asizihesabu kama akiba. Akisema anaweka akiba, mwambie akanunue kuku.

Kinachonitia hofu katika barua ile ni lile kofi.

Wale Wamarekani wakishalipa gazeti alama, hulifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Ukilifungua kasha, alama inapotea, na sehemu ya bei inaondoka nayo. Maana yake ni kwamba mwenye gazeti bora kuliko yote ndiye asiyeweza kulisoma! Amelipa mamilioni kwa ajili ya vichekesho ambavyo hatavicheka. Mtu mzima mwenye fedha zake na afanye apendavyo. Lakini kijana wa Kibondo mwenye wadogo wanne, katika nyumba ambayo pengine hayo ndiyo magazeti pekee yenye picha, akianza kufunga kasha lake mwenyewe, ataanza na gazeti na hataishia hapo.

Mtume Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Vitabu hivyo vilikuwa vimesafiri naye nchi kavu na baharini, na nina hakika kona zake hazikuwa nzima. Hakuuliza hali yake. Alikuwa na baridi, na alitaka kusoma.

Kwa hiyo, mama, ningefanya hivi. Kijana ana magazeti saba. Yale manne yaliyochakaa yawe ya nyumba nzima. Yawekwe mahali ambapo binti anaweza kuyafikia bila kuomba ruhusa, na akiyapaka mafuta asiulizwe. Ndiyo kazi yaliyonunuliwa, na shilingi 500 ilikuwa bei ya haki kwa kazi hiyo. Yale matatu ni ya kijana, maana aliyalipia kwa jembe lake, na mali ya mtoto tuiheshimu kama tunataka aheshimu ya wenzake. Lakini Jumapili baada ya ibada anawe mikono, naye dada yake anawe, wakae mkekani, yeye amfungulie na amsomee. Binti akijua kwamba zamu yake ipo hataiba. Na kabla ya hayo yote amwombe radhi mdogo wake, tena mbele ya baba. Hilo halina mjadala.

Halafu sharti moja: asilipe bei ya usafi kwa fedha isiyo yake. Ada, sabuni, daftari na sadaka havipunguzwi kwa ajili ya jalada linalong'aa.

Baba naye usimwache nje. Mwulize kama anamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kama ni mtu wa umri wetu uso wake utabadilika. Huenda akamtuma kijana amtafutie.

Kwa wale wenye watoto wanaonunua magazeti kuukuu, nina maneno ya sokoni. Kwanza mtoto ahesabu kurasa kabla ya kutaja bei. Gazeti lenye jalada safi lakini limenyofolewa ukurasa wa katikati ni hasara, na hadithi iliyokatika haikamiliki kwa jalada kung'aa. Bora chakavu lililo kamili. Pili alinuse. Harufu ya koga ina maana unyevu umeingia, nao utahamia kwenye mengine yote sandukuni. Tatu atazame kama limebandikwa selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi, na ukiibandua inaondoka na maandishi. Karatasi yenyewe kuwa manjano kidogo si kosa la mtu. Karatasi ya bei nafuu hutengenezwa kwa mti, nayo hukauka na kubadilika rangi kwa hewa na jua hata ikilala tu. Hapo mtoto asikubali kupandishiwa bei mno kwa sababu ya weupe. Atalipia kitu kitakachoondoka chenyewe.

Kutunza hakuna gharama. Tranka la shule linatosha, liinuliwe juu ya matofali mawili kwa sababu ya mchwa, lisigusane na ukuta ambao hulowa masika. Magazeti yalazwe, yasisimamishwe, na kila moja liwe ndani ya bahasha ya kaki au karatasi safi. Yasikae jikoni wala karibu na dirisha lenye jua. Likilowa usilianike juani. Litajikunja na kurasa zitagandana. Liweke kivulini, pachika vitambaa vikavu kati ya kurasa na uvibadilishe. Palipochanika, uji mzito wa unga wa ngano na kipande cha karatasi nyembamba hushika vizuri kuliko selotepu, lakini ukauke kabisa kabla ya kufunga, la sivyo unawaalika mende.

Neno moja kuhusu yaliyomo, kwa sababu najua wengine mtaniandikia. Si kila ukurasa wa magazeti yale ulifaa watoto. Kulikuwa na vichekesho vya kumfundisha mtoto ubaya wa unafiki na ulevi, na kulikuwa na hadithi za mapenzi ambazo tulizisoma chini ya shuka. Mama asome kwanza. Gazeti lisilofaa halifai hata likiwa jipya kabisa, na hapo hatuna haja ya kujadili bei.

Narudi kwa mama yangu wa Kibondo. Ule mchafuko wa mafuta kwenye jalada hautoki, usijaribu kuusugua kwa sabuni wala mafuta ya taa. Ukiwahi, nyunyizia unga mkavu wa muhogo usiku mmoja halafu ukung'ute taratibu kesho yake. Hunyonya kiasi, alama ikabaki hafifu. Gazeti lile sasa haliwezi kuuzwa shilingi 3,000 tena, na kijana anajua. Ningependa kusikia kama ameliacha pamoja na yale mawili, au amelihamishia kwenye rundo la dada yake.