Kivumbasi si uchawi, wala si zahanati



Nyuma ya nyumba nyingi za waamini wetu, kivumbasi hakikosekani. Majani yake huchomwa jioni ili moshi ufukuze mbu, huchemshwa kwa ajili ya kujifukiza wakati wa mafua, na hunywewa kama chai kwa kikohozi au tumbo linalosokota. Bibi zetu waliyajua haya kabla zahanati haijafika kijijini.

Hata hivyo, tunasikia sauti mbili. Ya kwanza husema mwamini anayechuma jani hilo amerudia upagani. Ya pili husema kivumbasi kinatosha, hata mtoto akiwaka homa usiku kucha. Kwa maoni yetu zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: hazijauliza jani hutenda kazi kwa nguvu gani.

Falsafa hutufundisha kutafuta sababu ya jambo. Harufu kali ya kivumbasi hutoka kwenye mafuta yaliyomo majanini, na ndiyo inayomkera mbu. Mungu ndiye aliyeyaweka humo, hivyo hatuna haja ya kulinong'onezea jani maneno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, haikatazi mitishamba. Inakataza kuita nguvu za uovu kwa kisingizio cha tiba za jadi, na kuwanyonya watu walio wepesi kuamini.

Lakini tukikubali kwamba jani hutenda kwa maumbile yake, tukubali pia kwamba maumbile yana mipaka. Kumfukuza mbu si kuviua vimelea vya malaria vilivyokwisha kuingia kwenye damu. Dawa mseto yenyewe ina asili ya mmea uliotumika China tangu zamani, lakini Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na wenzake walikitenga kiini chake na kukipima kwanza. Malaria kali huweza kumuua mtoto mdogo kwa muda mfupi sana, wakati kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa.

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zilizungumze jambo hili wazi. Jirani akiwa na mafua, tumpelekee kivumbasi bila hofu. Mtoto akiwa na homa, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Sala zetu na chai yetu vimsindikize, visimcheleweshe.