Nani Aliyejiunga?

Mkazi wa Kampala aweza kukuta salio lake limekatwa kwa ajili ya mlio wa simu ambao hakuuomba. Jibu lililozoeleka katika Kiswahili cha huduma za simu ni hili: "Ulijiunga." Tukichanganue kitenzi hicho: u-li-ji-unga. Kiambishi -ji- huonyesha kuwa mtenda ndiye mtendwa. Hivyo neno moja humtwika mteja ridhaa asiyoitoa. Kauli ya kutendwa ingekuwa ya kweli zaidi: "Uliunganishwa." Papo hapo swali huzuka: na nani?

Kwa maoni yangu, kiambishi -ji- kisifundishwe kwa mifano ya "amejikata kidole" pekee. Mwanafunzi ajifunze pia kuandika malalamiko. Anayeiandikia Tume ya Mawasiliano ya Uganda kwamba "nilijiunga bila kujua" amekwisha kukiri tendo. Anayeandika "niliunganishwa bila idhini yangu" humwachia aliyemkata fedha mzigo wa kuthibitisha. Mwalimu mtarajiwa, sarufi isiyofika kwenye simu ya mwanafunzi itabaki kuwa sarufi ya mtihani tu.