Zahanati Tunayoijenga Iwafae Wote

Ndugu wananchi wa Mbulu na Hanang,

Januari 2013 matone ya kukinga virusi vya rota yaliingia katika ratiba ya chanjo za watoto nchini. Katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, watafiti walikuwa wameanza kuwafuatilia watoto waliolazwa kwa kuhara kabla ya hapo, wakaendelea baada ya chanjo kuanza. Waliolazwa kwa sababu ya rota walipungua. Ushahidi huo ni wa watoto wa huku kwetu. Chanjo hii haizuii kila aina ya kuhara, kwa hiyo maji safi na choo bora bado ni wajibu wetu. Lakini kazi yake imeonekana.

Matone hayo hutolewa mtoto akifikisha wiki 6, kisha wiki 10. Ili ayapate, lazima kwanza avuke mlango wa zahanati, na mlango huo mara nyingi tunaujenga wenyewe: tunasomba mawe na mchanga, tunachangishana, tunainua boma, ndipo halmashauri inakuja kuezeka. Basi maamuzi ya mwanzo ni yetu.

La kwanza ni kiwanja. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kiwanja kilichopo kwenye mkondo wa korongo kikataliwe, hata kikitolewa bure. Wazee wanajua maji yalikopita zamani. Waulizwe kabla ya kuchimba msingi.

La pili ni kizingiti. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na wote. Fundi aambiwe mapema: baraza ikiwa na kimo cha sentimita 45, njia ya mteremko iwe na urefu wa mita 5.4, yaani sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na mlango wa choo vivyo hivyo. Hapo mama mwenye magongo atampeleka mwanawe kliniki bila kubebwa, na bibi ataingia na mjukuu mgongoni bila kuhofia kuanguka.

La tatu ni wanaoishi mbali, wakiwemo wafugaji na jamaa zetu wa Yaeda Chini. Tarehe ya huduma ya mkoba ya chanjo itangazwe kanisani, msikitini na mnadani, na mabalozi wakumbushe kaya zenye watoto wachanga.

Mkutano mkuu wa kijiji ujao, fika na kadi ya kliniki ya mwanao. Omba ramani ya jengo isomwe mbele ya wote. Kama haina njia ya mteremko, au kiwanja kiko njiani mwa maji, tusiipitishe mpaka irekebishwe.