Jinsi uhasama wa Marekani na Canada ulivyokata katikati safari ya Ziwa Superior

KWA familia nyingi za Marekani na Canada, msimu wa joto haukamiliki bila safari ya gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo, ambalo wenyewe hulala humo usiku na kusonga mbele asubuhi.

Miongoni mwa njia zinazotamaniwa mno na wasafiri wa aina hii ni ile inayolizunguka Ziwa Superior, ambalo kwa upana ndilo ziwa kubwa zaidi duniani lenye maji yasiyo ya chumvi. Ziwa Victoria hulifuata katika nafasi ya pili.

Mzunguko huo wa takriban kilomita 2,100 hupitia majimbo matatu ya Marekani, ambayo ni Minnesota, Wisconsin na Michigan, kisha mkoa wa Ontario nchini Canada. Yeyote anayetaka kurejea alikoanzia pasipo kugeuza gari hana budi kuvuka mpaka mara mbili: katika Mto Pigeon upande wa magharibi, na katika daraja la Sault Ste. Marie upande wa mashariki.

Kwa miongo mingi, vituo hivyo viwili vya forodha vilikuwa kero ndogo tu ya dakika chache. Tangu mapema 2025, vimegeuka kuwa suala la kwanza kujadiliwa mezani kabla hata ya ramani kufunguliwa.

Chanzo kinajulikana. Mnamo Februari 2025, muda mfupi baada ya kurejea madarakani, Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 25 dhidi ya bidhaa za Canada, hatua iliyoanza kutekelezwa Machi 4. Ijapokuwa bidhaa nyingi zilisamehewa siku chache baadaye, Agosti mwaka uo huo kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 35 kwa bidhaa ambazo hazikulindwa na mkataba wa biashara wa nchi hizo.

Kilichowachoma Wacanada zaidi ya ushuru, hata hivyo, ni kauli za mara kwa mara za Bw Trump kwamba nchi yao ingefaa kuwa jimbo la 51 la Marekani. Ushuru ni hesabu, na hesabu hujadilika. Kuambiwa kwamba nchi yako haistahili kuwapo ni tusi.

Aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Justin Trudeau, aliwahimiza raia wake wabadilishe mipango ya likizo na kutembelea mbuga za nyumbani. Wito huo ulitiiwa kwa kiwango ambacho huenda hata yeye hakukitarajia.

Takwimu za serikali ya Canada zilionyesha kwamba safari za Wacanada waliorejea nyumbani kutoka Marekani kwa gari zilipungua kwa asilimia 38 mnamo Mei 2025, zikilinganishwa na Mei ya mwaka uliotangulia. Julai, kilele cha msimu wa likizo, upungufu ulikuwa takriban asilimia 37. Wamarekani waliovuka kuelekea kaskazini nao walipungua, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi.

Kwa miji mikubwa kama New York, pengo hilo linaweza kuzibwa na wageni wengine. Si hivyo kwa vijiji vya ufuo wa Superior. Grand Marais, mji mdogo wa Minnesota ulio kando ya barabara iendayo mpakani, kwa miaka mingi umekuwa kituo cha wakazi wa Thunder Bay wanaokuja kula, kununua bidhaa na kulala usiku mmoja au miwili. Msimu wa biashara huko ni mfupi, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi majani yanapobadilika rangi Septemba na Oktoba. Mwenye mkahawa akipoteza Julai, hana Julai nyingine ya kufidia hadi mwaka unaofuata.

Serikali ya Ottawa ilitia chumvi katika kidonda hicho kwa ustadi. Kati ya Juni 20 na Septemba 2, 2025, iliondoa ada za kuingia katika mbuga zote za kitaifa na kupunguza ada za kupiga kambi kwa robo. Hivyo basi Mcanada aliyekwenda Pukaskwa, mbuga pekee ya kitaifa ya Canada iliyo katika ufuo wa bara wa Superior, hakulipa kiingilio. Mmarekani aliyevuka mpaka kwenda huko hakulipa pia, jambo ambalo wengi kusini mwa mpaka hawakulijua.

Washington ilichukua mkondo tofauti kabisa. Februari 2025, wafanyakazi takriban 1,000 wa idara ya mbuga za kitaifa waliokuwa katika kipindi cha majaribio walifutwa kazi, ingawa baadhi yao waliitwa tena. Kuanzia Januari 1, 2026, kibali cha mwaka cha kuingia mbuga za Marekani kiligawanywa: mkazi hulipa dola 80 (karibu Sh10,300), naye asiye mkazi hulipa dola 250 (karibu Sh32,000).

Ada ya ziada ya dola 100 kwa kila mgeni iliwekwa katika mbuga 11 mashuhuri kama Yellowstone na Grand Canyon. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo katika ufuo wa Superior. Lakini ni Mcanada yupi atakayeketi kusoma orodha hiyo ndiyo aamue kama bado anapendwa? Ujumbe aliousikia ni kwamba mgeni sasa ana bei yake.

Yote haya yangevumilika iwapo safari ya gari-nyumba ingekuwa jambo la kuamuliwa Ijumaa jioni. Sivyo ilivyo, na hapa ndipo penye kiini cha tatizo ambacho wachanganuzi wa biashara hukipuuza wanapohesabu magari mpakani.

Gari hilo haliegeshwi popote. Huhitaji nafasi iliyolipiwa katika kambi, ikiwezekana yenye umeme na maji, na nafasi za Julai karibu na ufuo hugombaniwa mno. Kambi za mbuga za jimbo la Michigan hufunguliwa kwa uhifadhi miezi sita kabla ya tarehe ya kufika. Za Ontario hufunguliwa miezi mitano kabla, na za Minnesota siku 120 kabla.

Kwa maneno mengine, familia inayotaka kulizunguka ziwa katikati ya Julai lazima ianze kulipia Michigan katikati ya Januari, theluji ikiwa bado imefunika milango. Februari huigeukia Ontario. Machi huimalizia Minnesota. Kila usiku unategemea uliotangulia, kwa kuwa anayekwama usiku wa tano huupoteza wa sita na wa saba pia.

Sasa mtu atajifungaje kwa ratiba ya miezi sita katika mazingira ambamo sera hubadilika kwa wiki? Oktoba 2025, kwa mfano, Bw Trump alitangaza kukatiza mazungumzo ya biashara na Canada kwa sababu ya tangazo la televisheni lililolipiwa na serikali ya Ontario ya Bw Doug Ford, lililotumia sauti ya rais wa zamani, Ronald Reagan, kuponda ushuru. Ontario hiyo ndiyo yenye ufuo wote wa kaskazini wa ziwa. Ni mkoa huo pia ulioamuru pombe zote za Marekani ziondolewe katika maduka yake ya serikali mnamo Machi 2025.

Isitoshe, mkataba wa biashara unaozifunga Marekani, Canada na Mexico, ulioanza kutumika Julai 1, 2020, ulipangiwa kupitiwa upya mnamo Julai 1, 2026, wakati uleule ambapo magari-nyumba huwa yamejaa barabarani.

Itakuwa makosa, hata hivyo, kumtwika Bw Trump lawama zote. Mpaka huu umekuwa ukikazwa hatua kwa hatua kwa zaidi ya miongo miwili. Hadi mwaka wa 2009, raia wa nchi hizo mbili aliweza kuvuka kwa gari bila pasipoti. Kuanzia Juni 1 mwaka huo, Marekani iliwataka wote, wakiwemo raia wake wanaorejea, waonyeshe pasipoti au hati nyingine maalumu. Tangu Desemba 26, 2025, kila asiye raia, Mcanada akiwemo, aweza kupigwa picha anapoingia na anapotoka.

Na kuna wakati mzunguko ulikatika kabisa. Machi 21, 2020, kutokana na janga la Covid-19, mpaka ulifungwa kwa safari zisizo za lazima. Canada iliwafungulia Wamarekani waliochanjwa Agosti 9, 2021, lakini Marekani haikufungua mpaka wake wa nchi kavu hadi Novemba 8. Msimu mzima wa joto wa 2020 na sehemu kubwa ya ule wa 2021 ikapita bila msafiri wa likizo hata mmoja kulizunguka ziwa kihalali kwa gari.

Kisa cha Januari 10, 2016 nacho kinafaa kukumbukwa. Daraja jipya la Mto Nipigon, kaskazini mwa ziwa, liliinuka katika kiungio chake na kufungwa, siku 42 tu baada ya kuzinduliwa. Hapakuwa na barabara nyingine ya kuunganisha mashariki na magharibi mwa Canada ndani ya ardhi yake. Waliotaka kupita iliwalazimu kuzungukia kusini mwa ziwa, kupitia Marekani. Siku hizo hakuna aliyejiuliza kama jirani angekubali.

Suala hili lina uzito wake pia kwa Wakenya. Minnesota ni mojawapo ya majimbo yenye jamii kubwa za wahamiaji kutoka Kenya na Somalia, na kutoka Minneapolis hadi Duluth, lango la magharibi la ziwa, ni takriban kilomita 250 tu. Baada ya miaka kadhaa ughaibuni, si ajabu kwa familia kukodisha gari-nyumba na kuwaonyesha watoto mnara wa taa wa Split Rock, uliowashwa mara ya kwanza mwaka wa 1910, au majabali yenye rangi ya Pictured Rocks kule Michigan.

Ugumu huanzia mpakani. Mwenye pasipoti ya Kenya na kibali cha ukazi wa kudumu Marekani haombi viza ya Canada. Huonyesha hati hizo mbili tu. Lakini binamu aliye katika gari hilohilo kwa viza ya masomo au ya kazi huhitaji viza ya Canada, na mtoto aliyezaliwa Marekani ana pasipoti ya buluu. Gari moja, hali tatu za kisheria, na afisa mmoja dirishani.

Kuingia Canada si ndiko kunakowatia wengi hofu. Hofu yao ni kurudi. Katika hali ya sasa ya msako dhidi ya wahamiaji nchini Marekani, mzazi mwenye hati halali kabisa huona heri asiyaweke makaratasi yake mikononi mwa afisa kwa ajili ya picha za likizo. Hakuna sheria inayomzuia. Anajizuia mwenyewe.

Kwa wale wanaoamua kuvuka, mambo ya kawaida bado yapo. Kampuni ya kukodisha gari ni sharti itoe idhini ya maandishi ya kuvuka mpaka. Kuni zisibebwe, kwa sababu ya wadudu wanaoangamiza miti. Bastola isithubutu kusahaulika ndani ya sanduku. Bangi, ijapokuwa ni halali Minnesota, Michigan na Ontario, hairuhusiwi kuvushwa hata kidogo. Gari la ukubwa wa wastani hubugia lita 25 hadi 30 za petroli kwa kila kilomita 100, na bei ya mafuta upande wa Canada huwa juu zaidi.

Kisha kuna moshi, ambao haukaguliwi na forodha yoyote. Mwaka 2025 Canada ilikumbwa na mojawapo ya misimu mibaya zaidi ya moto wa misitu katika historia yake. Julai, wabunge sita wa Marekani kutoka Minnesota na Wisconsin walimwandikia balozi wa Canada wakilalamika kwamba moshi huo unawaharibia wapigakura wao msimu wa joto. Hawakutaja kwamba miezi miwili tu awali, misitu ya kaskazini mwa Duluth ilikuwa imeungua na kuteketeza nyumba kadhaa.

Msomaji wa Kisumu au Busia anaweza kustaajabu. Tangu 2014, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka mipaka ya nchi zao kwa kitambulisho tu, na hilo licha ya Nairobi na Kampala kuvutana kwa miaka mingi kuhusu kisiwa cha Migingo. Huko Superior hakuna kisiwa kinachogombaniwa, ilhali wapo wenyeji walioishi pande zote mbili kabla ya mpaka kuchorwa. Hao ni Waanishinaabe, waliolipa ziwa hilo jina Gichigami, yaani bahari kuu. Mkataba wa Jay wa 1794 uliwahakikishia haki ya kupita huku na huko. Marekani huitambua haki hiyo hadi leo, lakini Canada haijawahi kuitekeleza kikamilifu.

Kwa sasa, familia nyingi zimechagua nusu. Wamarekani huondoka Duluth kuelekea mashariki hadi Sault Ste. Marie ya Michigan, safari ya kilomita 660 hivi, kisha hugeuza gari na kurudi kwa njia ileile. Wacanada nao huenda kilomita 700 kutoka Thunder Bay hadi Sault Ste. Marie ya Ontario, na kugeuza vilevile.

Miji hiyo miwili yenye jina moja imetenganishwa na mto tu, na daraja lililoiunganisha tangu 1962 bado liko wazi saa 24.