Hesabu Zetu Zisikae Chombo Kimoja



Wengi wetu siku hizi twaandika mambo ya shamba katika kompyuta: kilo za kila mchumaji, malipo ya vibarua, stakabadhi za kuuzia, hata hati za urithi zilizopigwa picha. Ni jambo jema. Lakini tukiuliza nakala yake iko wapi, huoneshwa kompyuta ile ile. Hiyo si nakala. Mkulima haanui karafuu zake juani akaenda zake bila ya kuacha mtu wa kukunja majamvi mvua ikija. Hesabu zake kwa nini aziache peke yao?

Hewa yetu ya chumvi hula vyuma, na umeme wetu twaujua. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu gizani, laini iletayo umeme kutoka bara ilipoharibika. Asiye na jenereta, hesabu iliyokuwamo ndani ya mashine hakuweza hata kuisoma. Kwa hivyo hatukubaliani na vijana wasemao daftari limepitwa na wakati. Malipo ya wachumaji yachapwe pia katika karatasi.

Wengine hujibu kuwa wameshaweka katika flashi. Sawa, lakini flashi hiyo imo mkobani pamoja na kompyuta, na mwizi hachagui. Na diski iliyochomekwa mchana na usiku nayo haisalimiki: programu mbaya ya WannaCry, iliyofunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 mwezi wa Mei 2017 na kudai fedha, ilifunga pia yaliyokuwamo katika diski zilizounganishwa. Ikishanakili, ichomolewe.

Hata wakubwa hupatikana na haya. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, mtu akaamuru kompyuta ifute mafaili, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka. Kuangalia nakala za akiba, kumbe zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa. Iliyowaokoa ni kompyuta ya nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa akifanya kazi huko kwa sababu ya mtoto mchanga.

Mafundi hushauri nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae nyumba nyengine. Kwetu sisi hiyo moja yaweza kukaa kwa mweka hazina wa tawi la jirani, ndani ya bahasha iliyofungwa. Yapo maombi ya kompyuta mpya. Twaona diski mbili za nje zitangulie, maana bei yake ni ndogo sana.

Kisha katibu aifungue nakala hiyo katika kompyuta nyengine, mbele ya wajumbe wawili, asome malipo ya msimu uliopita. Ikikataa kufunguka, ijulikane sasa, kabla wachumaji hawajapanda mikarafuuni.