Mazungumzo ya Nyumbani: Senema za Wafalme wa Uchina

Tangu Pasaka nimepata maswali kadhaa ya namna moja, mengine kwa barua, mengine kwa mdomo nje ya kanisa baada ya Misa. Mama mmoja wa Nyakahura auliza: "Wanangu hawataki kulala mpaka waone mwisho wa yule malkia wa Uchina. Je, ni dhambi kuwaruhusu?" Katekista mmoja wa upande wa Bugufi aeleza kwamba Rozari ya jumuiya yake imesogezwa mara mbili ili watu wawahi senema. Na kijana wa Rulenge ana swali lake, ambalo nitalijibu mwishoni.

Mama, kutazama si dhambi. Walakini yafaa mzazi ajue mtoto wake anatazama nini. Wazazi wengi huona nguo za hariri na watu wanaopiga magoti, basi wakadhani ni mambo ya heshima tu, wakaenda kulala. Afadhali kuketi pamoja nao jioni mbili tatu.

Kwanza nieleze zilikotoka. Mwaka 2011 televisheni yetu ya Taifa, TBC, ilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa maneno ya Kiswahili, uitwao "Doudou na Mama Wakwe Zake". Haukuwa na mfalme ndani yake. Ulikuwa habari ya mke kijana na mavyaa wake, na kina mama wa huku waliupenda kwa sababu ugomvi wa mke na mavyaa hauhitaji mkalimani. Hata Rais Xi Jinping wa Uchina alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliutaja mchezo huo. Mwaka 2015, katika mkutano wa Johannesburg, Wachina waliahidi kupeleka televisheni ya satelaiti katika vijiji elfu kumi vya Afrika. Siku hizi basi mtu wa Kabanga au Runazi hana haja ya kwenda mjini. Ataona kwa king'amuzi cha jirani, au kwa simu, au katika kile kibanda ambacho vijana wenyewe wamekiita "kibanda umiza", kwa kuwa mbavu huumia kwa kubanwa.

Nyingi za senema za vibandani zimetafsiriwa na mtu mmoja. Ndiye mfalme, ndiye malkia, ndiye mjakazi anayelia. Tena huongeza ya kwake. Nimepata kumsikia mfalme wa Uchina akilalamikia bei ya saruji. Hilo halina ubaya, lakini mtoto asidhani kila neno linalosemwa limo katika historia.

Zile zinazopendwa zaidi ni habari za wake wa mfalme. Mojawapo ni ile ya Bibi Zhen Huan, iliyotoka mwaka 2011 na ina vipindi 76. Ile ya jumba la Yanxi ilitoka mwaka 2018 nayo ina vipindi 70. Ile ya Ruyi ni ya mwaka uleule, vipindi 87. Anayeanza kutazama wakati wa kupanda maharage anaweza kufika palizi hajamaliza.

Jumba linaloonyeshwa ni la kweli. Limo Peking, siku hizi twasema Beijing, lilikamilika mwaka 1420, na mfalme wa mwisho alijiuzulu mwaka 1912. Leo ni nyumba ya makumbusho, na mtu yeyote hulipa kiingilio akapita mahali ambapo zamani angekatwa kichwa.

Mpango wa wake wa mfalme nao ulikuwapo kweli. Katika enzi ya Qing, ambayo ndiyo ya senema hizi, palikuwa na malkia mmoja. Chini yake alikuwapo bibi mmoja wa daraja la kwanza, halafu wawili, halafu wanne, halafu sita, na chini yao wengine wasio na idadi maalumu. Kila baada ya miaka mitatu binti za jamaa za maaskari wa Kimanchu, wenye umri wa miaka kumi na mitatu na kuendelea, walipelekwa jumbani kuchaguliwa. Baba hakuwa na haki ya kumwoza binti yake kabla hajapita mbele ya wachaguzi. Aliyechaguliwa aliingia ndani, na kumwona mama yake tena ilikuwa kwa ruhusa ya mfalme.

Hapa kina baba wafikiri kidogo. Kanisa hutufundisha kwamba pasipo ukubali wa hiari hakuna ndoa. Binti hao hawakuulizwa kitu. Watoto wa kike huona taji na vito wakatamani. Afadhali mama aseme palepale: "Tazama, huyu amefungwa. Ana ng'ombe wengi na hana mlango."

Lakini sababu hasa ya kuandika leo ni sumu.

Katika senema hizi hakuna anayeugua tu. Mimba ikiharibika, mke mwenza ametia dawa katika uvumba. Mtoto akipata homa, kuna mjakazi aliyenunuliwa. Mzee akianguka, tafuta nani alimletea chai. Kila kifo kina mkono wa mtu, na mwenye akili ni yule anayemgundua adui kwanza. Mtu akila chakula hicho vipindi 76 mfululizo, hali ikoje siku homa inapoingia nyumbani kwake?

Tuone ilivyokuwa kweli. Mwaka 1661 Mfalme Shunzhi alikufa akiwa na miaka 22. Aliyemwua ni ndui. Ugonjwa huo uliwatisha Wamanchu kuliko majeshi yote, nao ulichukua watoto wengi wa jumba lile bila kuuliza mama yao ni wa daraja gani. Ilipofika kumchagua mrithi, alichukuliwa mtoto ambaye hajatimiza miaka saba, na sababu moja kubwa ni kwamba alikwisha ugua ndui akapona, kwa hiyo haingemrudia tena. Mmoja wa watu walioombwa shauri alikuwa padre, Mjezuiti Adam Schall, mtaalamu wa nyota na kalenda katika jumba hilo. Mtoto yule ndiye Mfalme Kangxi, aliyetawala miaka 61. Alipokuwa mtu mzima aliamuru watoto wa jamaa yake wachanjwe kwa njia ya zamani, yaani kwa kupuliziwa puani unga wa magamba ya ndui.

Sasa angalieni. Mjukuu wake, Mfalme Qianlong, alikuwa na mwana aliyempenda sana, Yongcong, aliyezaliwa na malkia wake wa kwanza. Mtoto huyo alikufa kabla hajatimiza miaka miwili, mwanzoni mwa mwaka 1748, kwa ndui. Katika mchezo wa Yanxi anakufa motoni kwa hila ya mke mwenza. Katika mchezo wa Ruyi ni ndui kweli, lakini ndui iliyoletwa kwa makusudi na maadui. Mtunzi hawezi kuacha mtoto afe hivihivi, maana watazamaji wataondoka. Kwa mtunzi hiyo ni kazi yake. Kwetu sisi ni hatari, kwa kuwa sisi tulikuwa na ugonjwa huo wa mawazo kabla televisheni haijaja.

Hakuna haja ya kuficha. Katika mikoa yetu ya Ziwa bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yaliwekundisha moshi wa kuni walizotumia kuwapikia watoto na wajukuu. Nani hajasikia matangani mtu akinong'ona, "Huyu hakwenda bure"? Nani hajaona wake wenza wawili, au mke wa kaka na mke wa mdogo, wasioonja chakula cha jiko moja?

Januari 20 mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Wilaya ya Biharamulo. Mpaka ulipotangazwa kwisha, Machi 13, walihesabiwa watu kumi, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane kwa dalili zao. Wote kumi walifariki. Mungu awapumzishe kwa amani. Miaka miwili nyuma, Machi 2023, ugonjwa huohuo ulikuwa umetokea Bukoba. Waganga wa hospitali wamekwisha eleza kwamba virusi hivyo hukaa katika popo fulani, na kwa binadamu hupita kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Fikirini maana yake. Anayefuata kuugua ni yule aliyemwosha mgonjwa, aliyemfulia nguo, aliyeosha maiti. Kwa ufupi, ni yule aliyempenda. Na yule mkwe aliyekuwa na ugomvi, ambaye hakukanyaga hapo, ndiye mzima. Mtu aliyefundishwa na senema ataona nini? Ataona wanakufa wapenzi wa marehemu, na adui amebaki amenenepa. Atahesabu vidole, atasema, "Nimemjua." Naye amekosea kabisa, tena kosa lake laweza kumwaga damu. Katika nyumba ya namna hiyo wa kuitwa upesi ni mganga wa zahanati, na mikono isiguse mgonjwa bila kinga.

Kwa hiyo nawaomba wazazi. Mtoto wa jumba akifa katika senema, na watoto wenu wakalaani yule bibi mbaya, waambieni habari ya Yongcong na ndui. Waambieni pia kwamba ndui iliyoshinda wafalme imekwisha duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980, na iliyoimaliza ni chanjo.

Jambo lingine ambalo watoto hawaelezwi ni kwamba katika majumba hayo walikuwamo Wakatoliki. Padre Matteo Ricci aliingia Peking mwaka 1601, zamani za Mfalme Wanli wa enzi ya Ming. Alimletea mfalme saa za kugonga. Hakupata kumwona uso kwa uso, lakini saa zilihitaji kutiwa ufunguo na kutengenezwa, na matowashi wa mfalme hawakujua, basi ilibidi wafundishwe na padre. Akakaa huko mpaka kufa mwaka 1610, na kaburi lake lipo Beijing. Bruda Giuseppe Castiglione, mchoraji, aliwatumikia wafalme watatu tangu mwaka 1715 hata alipofariki mwaka 1766. Wachina walimwita Lang Shining, na katika mchezo wa Ruyi yumo, akichora. Mwaka 1736, Wakristu walipokuwa wakiteswa, mfalme alikuja kumtazama akichora. Bruda akaacha brashi, akapiga magoti, akawaombea ndugu zake. Kwa mtu wa jumba lile huo ulikuwa ushujaa mkubwa. Sijui kwa nini watunga senema huacha jambo kama hilo wakahangaika na vikombe vya chai.

Na yule mfalme wa Bibi Zhen Huan, anayependwa sana na dada zetu, ndiye Yongzheng. Mwaka 1724 alipiga marufuku dini yetu, akawafukuza wamisionari isipokuwa wale aliowahitaji kwa kazi za jumbani. Katika ukoo wake mwenyewe alikuwapo mzee wa kifalme aitwaye Sunu, ambaye wanawe kadhaa walibatizwa. Jamaa nzima ilihamishwa Peking ikapelekwa mbali, na baadhi yao wakafa katika minyororo. Kusema kweli palikuwa na siasa pia, kwa maana Sunu alikuwa upande wa ndugu waliogombea kiti na mfalme. Hata hivyo wale vijana walipoambiwa waikane imani, walikataa.

Wengine wameuliza juu ya kuwafukizia wazee marehemu uvumba na kuinama mbele ya vibao vya majina yao. Swali hilo lilisumbua Kanisa muda mrefu. Papa Klementi XI aliyakataza mwaka 1715, na Papa Pio XII akalegeza mwaka 1939, ikionekana kwamba ni heshima ya kiraia kwa wazee. Mengi zaidi mwulizeni Padre.

Tusicheke Wachina peke yao. Bugufi, Bushubi na Rusubi palikuwa na majumba ya watawala, mpaka utawala wa machifu ulipoondolewa mwaka 1963. Mzungu Speke alipopita Usui, yaani nchi ya Biharamulo, mwaka 1861, Mfalme Suwarora alimtoza hongo ya nguo, shanga na nyaya hata msafiri akakata tamaa. Na jirani zetu wa Karagwe, Dagara alipokufa, wanawe walishindania kiti. Speke alisimuliwa kwamba walipewa ngoma ya kuinua, ikawalemea wote isipokuwa Rumanyika. Ndugu yake Rogero hakukubali, vita ikawaka, na Rumanyika akaokolewa kwa msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Tabora. Hayo yangejaza vipindi 87. Wazee wenye kuyajua bado wapo, na hawana haja ya king'amuzi.

Katekista wetu wa Bugufi, mimi singesogeza Rozari. Rozari ina saa yake, na senema ya flashi husubiri. Huko Uchina kwenyewe, Januari 2019, gazeti moja la Beijing liliandika kwamba michezo hii hufundisha watu anasa na fitina, na muda si mrefu baadhi ya stesheni zikaiondoa Yanxi. Sisi hatuhitaji kufika huko.

Na kijana wa Rulenge, uliyeuliza kama Jumong alikuwa Mkristu: hapana, wala hakuwa Mchina. Ni Mkorea. Wakorea husimulia kwamba aliuanzisha ufalme wa Koguryo mwaka 37 kabla ya Kristu, kwa hiyo hakuna wa kumbatiza. Mchezo wake ulitoka mwaka 2006, una vipindi 81, na mtihani wako wa Kidato cha Pili uko karibu.